Tusipime Kifo cha Seli kwa Mazoea

Naomba nafasi katika jarida letu niseme jambo ambalo najua litawagusa zaidi wenzetu wa tiba, famasi na baiolojia. Hata hivyo ndugu zetu wa sheria na uchumi wasigeuze ukurasa haraka, maana pesa inayotumika ni ile ile ya ufadhili, na jina linaloandikwa juu ya tasnifu ni la watu wetu wote.

Jambo lenyewe ni hili. Wengi wetu tunaofanya utafiti wa kansa na miti shamba tunachagua vipimo vya kifo cha seli kama mtu anayechagua mgahawa kwa kuangalia foleni iko wapi. Jirani wa meza ya pili anatumia boksi fulani, basi na mimi naagiza hilo hilo. Kwenye friji ya maabara kuna boksi lililobaki, basi ndilo litakalojibu swali langu la PhD. Nyumbani hakuna anayepima kanga kwa kibaba wala unga kwa yadi, lakini tukishavaa koti jeupe huku ughaibuni tunafanya hivyo hivyo na tunapiga chapa. Maoni yangu ni kwamba kipimo kichaguliwe na swali, na kwamba mtu asiandike neno "apoptosi" kwenye tasnifu yake akiwa na kipimo kimoja tu mkononi.

Kwa faida ya wasio wa fani hii, nieleze kidogo. Seli za mwili hufa kwa namna nyingi. Ipo inayovimba na kupasuka, ikamwaga kila kilichomo na kuwasumbua majirani. Ipo inayojikunja, ikakata mambo yake ya ndani vipande vipande, ikajifunga katika vifurushi vidogo na kuliwa na seli nyingine bila fujo. Hiyo ya pili ndiyo Kerr, Wyllie na Currie waliyoipa jina la apoptosi mwaka 1972 wakitokea Chuo Kikuu cha Aberdeen, Scotland. Ni neno la Kigiriki linalotokana na kupukutika kwa majani. Baadaye Robert Horvitz na wenzake wakaufuatilia mnyoo mdogo wa udongoni, C. elegans, ambaye katika seli 1,090 za mwili zinazozaliwa wakati wa ukuaji wake, 131 hufa kwa mpango, zile zile kila mara. Mwaka 1993 jini moja linaloendesha vifo hivyo likaonekana kufanana na la kimeng'enya cha binadamu. Mwaka 1996 familia nzima ya vimeng'enya hivyo ikapewa jina la kaspesi, na mwaka 2002 Horvitz, Sydney Brenner na John Sulston wakapata Tuzo ya Nobel.

Kaspesi ni mkasi. Inakata protini nyingine mara tu baada ya asidi ya aspatiki, na makali yake yako kwenye sistini. Ziko za kuanzisha kazi, kama namba 8 na 9. Ziko za kutekeleza, namba 3, 6 na 7. Na ziko zinazohusika zaidi na uvimbe na homa, kama namba 1. Sasa anayetaka kujua kama mti wake unaziua seli za kansa kwa apoptosi, njia ya kawaida ni kupima kama mikasi hii imeamka. Anazipa seli kipande kifupi cha peptidi, mathalani DEVD kwa ajili ya kaspesi-3 na -7, kilichofungwa kitu kinachotoa ishara pale kinapokatwa. Ishara ikipanda, mkasi unafanya kazi. Hapo ndipo tunapofika kwenye uchaguzi, na hapo ndipo tunapoharibu.

Ishara ziko za aina tatu kuu. Ya kwanza ni rangi: peptidi imefungwa pNA, ikikatwa inatoa njano, nayo inasomwa kwenye nanomita 405. Ya pili ni mng'ao: imefungwa AMC au AFC, unaimulika kwa mwanga wa aina moja nayo inarudisha wa aina nyingine. Ya tatu ni mwanga wenyewe: peptidi ikikatwa inaachia chakula cha lusiferasi, kimeng'enya cha kimulimuli, na kisima kinawaka chenyewe bila kumulikwa. Ya rangi ni ya bei nafuu lakini inataka seli nyingi, mara nyingi milioni moja na zaidi kwa kila sampuli. Ya mwanga inaridhika na seli elfu chache tu, unamimina dawa moja juu ya sahani ya visima 96, unasubiri kama saa moja, unasoma. Bei yake unaijua mwenyewe uliyewahi kusaini oda.

Ukisikia hivyo utasema, basi si tuchukue ya mwanga, pesa ni ya mfadhili? Jamani, tungoje kidogo. Tujiulize kwanza tunapima nini. Wengi wetu kutoka Afrika Mashariki hatupimi kemikali moja safi nyeupe iliyotoka kiwandani. Tunapima magome, mizizi na majani yaliyochemshwa au kulowekwa kwenye ethanoli, na ndani ya chupa ile mna kemikali mamia, nyingine zina rangi, nyingine zinang'aa, nyingine zinazima mwanga. Chukueni mfano wa manjano tunayotia kwenye mchuzi. Kila aliyewahi kuosha sufuria ya pilau au kutoa doa la mchuzi kwenye shati anajua rangi ile ilivyo king'ang'anizi. Kemikali yake kuu, kakumini, inafyonza mwanga kwa nguvu karibu na nanomita 425, yaani mlango wa pili tu kutoka 405 tunapoisoma pNA. Tena inang'aa yenyewe ikimulikwa. Ukiipima kakumini kwa kipimo cha rangi bila kujihadhari, kadiri unavyoongeza dozi ndivyo namba inavyopanda, hata kama hakuna mkasi hata mmoja ulioamka.

Na ya mwanga nayo ina balaa lake. Resveratroli, inayopatikana kwenye zabibu na karanga, inajulikana kuwa inaizuia lusiferasi ya kimulimuli. Kwa hiyo seli zinaweza kuwa zinakufa kwa kaspesi kweli kweli, na mashine ikakuambia hakuna kitu. Kwenye rangi umedanganywa kwa kuongezewa, kwenye mwanga umedanganywa kwa kupunguziwa. Boksi la bei kali halikukingi na hilo.

Rafiki yangu mmoja, simtaji jina wala chuo chake, alikuwa na gome lenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Alipima kwa pNA, mistari ikapanda vizuri kabisa, dozi kwa dozi, na mkutano wa maabara ukampigia makofi. Tulipokaa naye jioni moja nikamwuliza swali moja tu: umeweka dawa yako kwenye kisima kisicho na seli? Hakuwa ameweka, maana maelekezo yaliyokuja na boksi hayakumwambia. Alipoweka, kisima kitupu kilisoma karibu sawa na kisima chenye seli. Kazi ya miezi mitatu ilikuwa ni rangi ya gome. Sisemi haya kumcheka. Nayasema kwa sababu ni jambo la visima vitatu na dakika tano, na katika maabara ile yenye kila aina ya mashine hakuna aliyeona kuwa ni kazi yake kumwambia.

Tatizo la pili ni majina yaliyoandikwa juu ya maboksi. Ukinunua boksi lililoandikwa "kaspesi-9", ndani yake kuna peptidi LEHD. La "kaspesi-8" lina IETD. Mwanafunzi anapima yote mawili, namba zote zinapanda, anaandika kwamba dawa yake inapita njia ya ndani na njia ya nje kwa pamoja, na kuchora mchoro mzuri wenye mishale. Lakini mwaka 2008 McStay, Salvesen na Green walionyesha wazi kwamba peptidi hizi zinaingiliana. Kaspesi-3, ambayo ni nyingi na ina kasi, inazikata pia zile za wenzake. Kwa hiyo seli ikishafika mahali kaspesi-3 imeamka, maboksi yote yanaweza kuitikia, na wewe umelipia mara tatu kumpima mtu yule yule. Anayetaka kweli kujua kama kaspesi-9 imehusika atafute njia nyingine: ampunguze au amwondoe kwenye seli, kisha aone kama kifo kinapungua.

La tatu, seli zenyewe. MCF-7, seli za kansa ya matiti zinazopendwa mno na watu wa miti shamba, hazina kaspesi-3. Jini lake limekatika kipande cha herufi 47, jambo ambalo limejulikana tangu mwaka 1998. Bado utapata ishara ya DEVD kutoka kaspesi-7, lakini aghalabu ni ndogo, na ukiandika "kaspesi-3 iliongezeka katika MCF-7" mhakiki makini ataiweka kazi yako kando hapo hapo. Nimeshaona mabango zaidi ya moja kwenye mikutano yetu ya wanafunzi yenye sentensi hiyo. Boksi limeandikwa 3/7, mtu akaandika 3.

La nne ni wakati. Kaspesi haziamki zikakaa macho. Zinapanda, zinafika kilele, zinashuka, na kwenye sahani ya plastiki, ambako hakuna seli jirani za kuja kula vifurushi, seli iliyokufa kistaarabu mwishowe hupasuka kama ile nyingine. Ukipima saa 48 tu kwa sababu MTT yako ilikuwa ya saa 48, unaweza kukuta msiba umeshaanuliwa na matanga yamekwisha, ukaandika kwamba apoptosi haikuwapo. Ni lazima kuwe na vipindi kadhaa, tuseme saa 4, 8, 16 na 24, japo kwa dozi moja, kabla ya kumwaga pesa kwenye dozi kumi.

Na kwa kuwa nimeitaja MTT, niseme wazi. MTT ya Mosmann ya mwaka 1983 ni kipimo kizuri cha kazi za ndani za seli, hasa umetaboli. Haikuambii seli imekufaje, wala haikuambii kama imekufa au imeacha tu kuzaliana. Tena miti yenye polifenoli nyingi inaweza kuigeuza MTT kuwa zambarau yenyewe, bila seli. Kisima kitupu tena, ndugu zangu.

Sasa mimi ningechaguaje? Nitasema kwa mpangilio, na anayepinga aandike toleo lijalo.

Kwanza, kabla ya kipimo chochote cha kaspesi, ningeisoma dawa yenyewe kwenye mashine ile ile, kwenye mawimbi yale yale, bila seli. Kama ina njano nyingi, pNA naiacha. Kama inang'aa kwenye eneo la AMC, natafuta rodamini 110, inayosomwa mbali zaidi karibu na nanomita 520, au naenda kwenye mwanga. Kama naenda kwenye mwanga, nachukua seli zilizokwisha kuuawa kwa staurosporini, ambayo inajulikana kuamsha kaspesi, naongeza dawa yangu dakika za mwisho. Ishara ikianguka, najua dawa inazuia mkasi au inazima kimulimuli, na sitaiamini namba hiyo mpaka nijue ni lipi kati ya hayo mawili.

Pili, kila sahani iwe na mashahidi wake: seli zilizopewa kiyeyushi tu, kwa mfano DMSO, seli zilizopewa staurosporini, kisima kisicho na seli, na seli zilizopewa dawa pamoja na kizuia kaspesi kama Z-VAD-FMK. Hilo la mwisho ndilo tunaloliruka mara nyingi, na ndilo lenye hoja. Kaspesi kuwapo mahali pa tukio hakuthibitishi kuwa ndizo zilizoua. Ukizifunga mikono na seli bado zinakufa vile vile, basi muuaji ni mwingine. Hata hapo usikimbilie hitimisho, kwani kwenye seli za panya za L929 kizuizi chenyewe kinaweza kuzisukuma zife kwa nekroptosi.

Tatu, namba zote zigawanywe kwa wingi wa protini au wa seli. Kisima chenye seli nusu kitasoma nusu, na hilo halina uhusiano na ubora wa dawa yako.

Nne, ushahidi wa pili uwe wa aina nyingine kabisa, usiwe boksi la pili la peptidi. Western inayoonyesha PARP ikikatwa kutoka kilodaltoni 116 hadi 89, au vipande vya kaspesi-3 vya 17 na 19, inakuambia kitu ambacho rangi ya gome haiwezi kukiigiza. Aneksini V pamoja na PI kwenye sitometa inakuonyesha seli moja moja badala ya wastani wa kisima kizima. Anayeweza kupiga picha za hadubini, apige.

Najua pingamizi zitakazokuja. La kwanza: "Msimamizi ndiye anayeamua, mimi ni mwanafunzi tu." Ni kweli, na adabu tuliyolelewa nayo inatufunza kutomkatiza mkubwa. Lakini kumwuliza mwalimu "hiki kisima kitupu tumekiweka?" si utovu wa adabu. Wenzetu wa hapa wanauliza maswali makali kuliko hilo wakiwa wanatafuna biskuti. Jina juu ya tasnifu ni lako, na siku ya kutetea atakayesimama ni wewe.

La pili: "Muda wa viza na ufadhili hautoshi kwa vipimo vyote hivi." Hapa nina huruma, kwa kuwa miaka mitatu inakwenda mbio. Ila hesabu haisemi hivyo. Kisima kitupu, staurosporini na kizuizi vinaingia kwenye sahani ile ile unayoitumia leo. Kinacholiwa na muda ni kurudia kazi baada ya mhakiki kuikataa.

La tatu linasemwa na wenye nia njema: "Tujifunze mashine za kisasa hapa, za kizamani tutazikuta nyumbani." Hapo ndipo ninapotofautiana nao hasa. Maabara nyingi za hospitali na vyuo kwetu zina mashine ya kusomea ELISA, na mashine hizo kwa kawaida zinasoma 405. Maana yake ni kwamba mtu mwenye seli za kutosha na dawa isiyo na rangi kali anaweza kupima kaspesi kwa pNA huko huko, bila kungoja mashine ya mwanga ya mamilioni wala vitendanishi vinavyoharibika umeme ukikatika wikiendi nzima na jenereta isiwake. Aliyejifunza ya mwanga peke yake, akirudi atakaa miaka akiandika maombi ya vifaa. Aliyejua kila kipimo kinaona nini na hakioni nini, ataanza kazi wiki ya pili. Sisemi tukatae vya kisasa. Nasema tusirudi nyumbani tukiwa tunajua kumimina boksi tu.

Na kwa nini nalivalia njuga jambo hili? Kwa sababu kwetu neno "kansa" na neno "mti" yakikaa sentensi moja, watu wanauza ng'ombe. Tunakumbuka mwaka 2011 namna magari yalivyopanga foleni ya kilometa nyingi kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, watu wakaenda kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, wakiwemo wagonjwa waliotolewa wodini. Mchungaji amefariki mwaka 2021, Mungu amrehemu, na mimi siandiki kumhukumu. Ninachosema ni kwamba kiu ile ya tiba bado ipo. Gazeti la nyumbani likipata muhtasari wetu kwamba gome fulani "linaua seli za kansa kwa apoptosi", halitauliza kama tuliweka kisima kitupu. Litaandika kwa herufi kubwa, mti utachunwa hadi ukauke, na mama wa mtu ataacha dawa za hospitali. Hapo kosa la nanomita 405 limeshatoka maabara.

Wala siwavunji moyo wenye kupenda miti yetu. Vinblastini, dawa ya kansa inayotumika duniani kote, ilitoka kwenye ua la Madagaska, na watafiti wa Kanada walioitoa mwaka 1958 walikuwa wameanza kwa kuutafiti mmea ule kama dawa ya kisukari. Waliona chembe nyeupe za damu za wanyama wao zikipungua, wakafuata walichokiona badala ya walichokitarajia. Miti yetu inaweza kuwa na mengine ya namna hiyo. Inastahili kupimwa kwa haki.

Pendekezo langu kwa chama ni dogo. Mara moja kwa muhula, jioni ya chai na maandazi kama ilivyo desturi yetu, wanaotaka kuagiza maboksi walete kwanza swali lao limeandikwa kwenye karatasi moja: napima nini, kwenye seli gani, saa ngapi, na ni kitu gani kingeweza kunidanganya. Wengine tuulize bila haya. Wa uchumi waje pia, watusaidie kuhesabu gharama. Nina hakika nusu ya oda zitabadilika kabla chai haijapoa.

Ni hayo tu kwa leo. Mwenye hoja tofauti karibu sana ukurasa huu, tusahihishane kindugu.